Mzee Aliyetusomea Manabii

Nimesikia wachungaji wengi wakisoma, na askofu mara mbili, lakini sijapata kumsikia mtu aliyesoma somo la kwanza kama Mzee wa Kanisa wetu pale Mafinga. Wenzake walisoma mbio mbio, wamalize wakakae. Yeye aliweka kidole kwenye mstari, akatutazama safu kwa safu kama anayetafuta nani hajaja, ndipo akafungua kinywa. Zamu yake ikiangukia manabii, watoto walinyamaza wenyewe bila kufinywa. Mungu akiwaambia Waisraeli kwamba amezichoka sikukuu zao, ungemwona Mzee naye kachoka, mabega yameshuka. Mungu akisema hataki hata kunusa wanyama wanono wanaomchomea, Mzee alikunja pua. Mimi nilikaa safu ya pili ya kwaya, sauti ya pili, na kila mara vinyweleo vilinisimama.

Jina lake nalijua, na Mafinga nzima inalijua, ila hapa siliandiki. Ana watoto na wajukuu wanaosali pale pale hadi leo. Tena mimi mwenyewe sijaamua kama namsema au namlilia, kwa hiyo mtanivumilia nikirukaruka. Jambo hili haliniachi nikae.

Alikuwa na uwanja wa mbao. Mashine mbili za kupasulia magogo, zile tunazoziita ding-dong, banda la kunolea misumeno, na nafasi kubwa ya magogo ya misindano, yaani misonobari, yaliyotoka msitu wa Sao Hill. Uwanja ulipakana na kanisa, katikati kuna uzio wa mabanzi tu, yale maganda ya gogo yanayobaki ukishapasua mbao. Na hiyo ardhi ya kanisa aliitoa yeye, kipande cha uwanja wake mwenyewe, bila kusukumwa na mtu. Mimi nilipika pale uwanjani miaka kumi na saba. Asubuhi chai ya tangawizi na viazi vya kuchemsha, mchana ugali na maharage, siku njema na mboga ya chainizi. Kwa hiyo nilimwona Jumapili akiwa na suti na siku nyingine akiwa na vumbi la mbao kwenye kope, na nakwambia alikuwa mtu yule yule, hakujigeuza. Hilo ndilo linalonichanganya. Ingekuwa rahisi kama angekuwa na sura mbili.

Penseli haikutoka nyuma ya sikio lake. Aliingia nayo kanisani, alipokea nayo Chakula cha Bwana. Alinuka utomvu hata akioga. Na alikuwa na tabia ya kugonga mbao. Akiingia nyumbani kwako, kabla hajakaa, anagonga meza kwa kifundo cha kidole, anasikiliza, anasema, "Hii haikukauka vizuri, mwanangu, walikuibia." Siku moja msibani, mbele ya waombolezaji wote, alilifikia jeneza akaligonga vile vile, ko ko ko. Akashtuka, akaona tunamtazama, akaugeuza mkono ule ukawa ishara ya baraka. Hakuna aliyethubutu kucheka hadi tulipofika kwenye masufuria.

Kuhusu ulanzi, ile pombe ya mianzi, alikuwa mkali kuliko mwinjilisti. Hakunywa tone, na msimu wa mvua ulipoanza, watu wa Mafinga wakianza kuchangamka tangu asubuhi, alisimama mlangoni mwa uwanja akinusa pumzi za vibarua mmoja mmoja. Lakini mianzi mizuri kuliko yote ya upande ule ilikuwa yake, nyuma ya nyumba, na wagema waliikodi kila mwaka. Nilimwuliza mara moja, kwa utani wa jikoni. Akanijibu bila hata kuona haya, "Mimi nakodisha mianzi, mama. Kinachotiririka humo si changu." Nilicheka siku ile. Baadaye nimelirudia jibu hilo mara nyingi kichwani, na sicheki tena.

Alikuwa na maneno yake. "Dini isiyofika jikoni ni mavazi." "Mtu akiinama sana mbele ya madhabahu, angalia anachokiokota." Hilo la pili alilisema kikaoni, akimtazama mzee mwenzake aliyekuwa amebanwa kwa kuwafukuza wapangaji wakati wa baridi kali ya Julai. Yule mtu aliomba radhi wiki ile ile na wapangaji wakarudi. Mzee alikuwa na meno. Walimwogopa, na mara nyingi walimwogopa kwa haki.

Jumuiya yetu ilikutana Jumamosi asubuhi, nyumba kwa nyumba, na tukimpata yeye kuongoza tulisahau kurudi makwetu. Hakupenda kueleza, alipenda kuuliza.

"Hawa watu ambao manabii waliwakemea," aliuliza siku moja, nyumbani kwangu, mvua inanyesha, "walikuwa wapagani?"

"Hapana," tukasema.

"Walikuwa wavivu wa ibada?"

Tukainamia vikombe vyetu.

"Semeni. Walikuwa hawaendi hekaluni?"

"Walikuwa wanakwenda," akajibu bibi mmoja.

"Walikwenda kuliko ninyi! Mvua kama hii isingewazuia. Waliimba, walitoa, walifunga, walishika siku zote. Sasa kosa lao nini?" Akangoja. "Kosa lao ni kwamba walidhani Mungu anakaa upande mmoja wa ukuta."

Na yule nabii mchunga mifugo, aliyetoka milima ya kusini akaenda kuwakaripia wakubwa wa kaskazini, huyo alimpenda kama ndugu. "Naye alikuwa wa Nyanda za Juu Kusini kama sisi," alisema, na tulipocheka alijifanya hacheki. Ninaapa sijawahi kumsikia mtu aliyeelewa mambo yale kama yeye. Aliyaelewa hadi mwisho. Nikikaa peke yangu nauliza, mtu anawezaje kushika taa vizuri hivyo na asione miguu yake?

Halafu kuna habari ya kiti. Siwezi kumweleza Mzee bila kiti, maana bila hicho mtanihukumu upesi mno.

Mume wangu alipofariki, shemeji zangu walikuja kabla ya siku ya tatu. Nyumba ni ya ukoo, walisema, mimi nirudi kwetu na watoto wangu wawili. Walianza kutoa vitanda. Sijui nani alimpa Mzee habari. Alikuja kwa miguu na kiti kutoka uwanjani, cha msonobari, kizito, akakiweka katikati ya mlango wangu akakaa. Shemeji mkubwa akamwambia apishe. Mzee akasema, "Pitisheni kitanda juu yangu." Alikaa siku tatu. Alikula pale, alisinzia pale na koti lake zito, alisali pale, na akiwa pale alinena kuhusu wajane na yatima kwa sauti ya somo la kwanza mpaka majirani wakajaa. Siku ya nne shemeji zangu walirudisha vitanda. Nyumba hiyo ndiyo ninayokaa. Kiti alikiacha.

Ndiyo maana nilimpenda. Naliandika waziwazi, nilimpenda kama baba, na ukimpenda mtu hivyo unakuwa na deni ambalo yeye hakudai na wewe huwezi kumaliza.

Sasa Jumapili zake. Jumamosi saa kumi na mbili jioni alizima mashine mwenyewe, akafungua mikanda yake, akaizungusha begani akaenda nayo nyumbani. Mashine ya ding-dong bila mkanda ni chuma tu. Viwanja vingine vilipasua mbao hadi Jumapili mchana, unasikia vinavyolia mji mzima, ila cha kwake kilikuwa kimya mpaka unasikia kunguru wakitembea juu ya mabati. "Jumapili hata msumari usigongwe," alisema. Wateja kutoka Dar es Salaam walilalamika, wakazoea. Akina mama wakawa wanawaambia watoto walionuna, "Mbona umenyamaza kama uwanja wa Mzee Jumapili?" Alilisikia hilo na alilifurahia sana. Kimya kile kilikuwa fahari yake.

Siku za kazi uwanja haukunyamaza kamwe, na sababu kubwa ilikuwa mdogo wangu Festo.

Festo alikuwa mwimbishaji wa wapakiaji. Kwa asiyejua, gogo bichi la msindano haliinuliwi kwa nguvu peke yake. Linaegemezwa kwenye nguzo mbili zilizolazwa toka chini hadi bodi ya lori, wanaume sita wanalisukuma kwa mabega na mitaimbo, wawili juu wanavuta kamba. Wote wasukume pumzi moja. Mmoja akiwahi, ncha moja inapanda, gogo linageuka, na likigeuka linarudi chini kwa mwenye bahati mbaya. Kwa hiyo yuko mtu mmoja anayeimba, na wenzake wanasukuma pale wanapoitikia. Bila wimbo hakuna kupakia. Festo aliimba:

"Gogo hili la nani?"

"La tajiri!"

"Mgongo huu wa nani?"

"Wangu mimi!"

Kwenye "tajiri" wanapumua, kwenye "mimi" wanasukuma. Mzee alisimama pembeni na penseli yake akicheka, maana tajiri alikuwa yeye. Alisema Festo ana sauti ambayo kwaya yetu haina, na alinituma mara mbili nimwite ajiunge. Festo akasema Jumapili anapumzisha koo. Hakuwa mtu wa kanisa sana. Alikuja Pasaka, Krismasi na siku za Meza ya Bwana, akakaa nyuma.

Jumamosi moja jioni, mikanda tayari iko begani, Mzee alisimama mlangoni pa jiko langu.

"Mama, kesho alfajiri uwachemshie vijana chai."

"Kesho Jumapili, Mzee."

"Najua siku. Kuna lori la magogo, kibali chake cha njiani kinakwisha kesho. Mashine haiwashwi. Watapakia tu, na watapakia kimya. Ibada haitaguswa." Akageuka aende, kisha akarudi. "Mwambie mdogo wako asiimbe."

Alisema kwa utulivu wa mtu aliyelitafakari jambo na kulipatia njia. Naamini hakujiona anavunja kitu. Kuivunja Siku ya Bwana kwake kulikuwa kumeshakuwa ni sauti, na sauti isingekuwepo.

Nilimpa Festo ujumbe nikiwa namenya viazi. Akacheka.

"Dada, tutasukumaje bila wimbo?"

"Mhesabu kwa vidole."

"Vidole vya nani? Mikono yote iko kwenye gogo."

"Basi mtazamane machoni."

"Gogo liko katikati, dada. Namtazama nani?" Lakini alikuwa bado anacheka, na mimi nilikuwa na sare ya kwaya ya kupiga pasi, nikamwambia afanye alivyoambiwa.

Alfajiri niliwapa chai. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka chini, walikunywa haraka wakinong'ona kama wezi. Nikavaa sare yangu nikazunguka uzio nikaingia kanisani.

Somo lilikuwa la manabii na zamu ilikuwa yake. Alisoma pale Mungu anapowaambia waondoe kelele za nyimbo zao, hataki kusikiliza vinanda vyao, anataka haki ishuke kama mto. Alisoma hadi mama mmoja mbele yangu akatoa leso. Akafunga kitabu, akakaa. Kwaya tukasimama.

Tulikuwa ubeti wa pili niliposikia kishindo. Mabanzi ya uzio yalitetemeka. Nikangoja mtu apige kelele, hakupiga. Nikajiambia ni gogo limeanguka, magogo huanguka. Nikaimba ubeti wa tatu. Nikaimba na wa nne. Niliyajua yote wakati naimba, na sauti ya pili haikutetereka hata kidogo. Mwalimu wa kwaya alinisifu baadaye.

Festo hakupiga kelele kwa sababu aliambiwa asipige. Wenzake walimtoa juu ya ubao, kwa mlango wa nyuma, mguu umesagika chini ya goti, naye ameuma kola ya shati. Mimi nilipomfikia alikuwa bado ameiuma.

Mguu ulipona vibaya. Anatembea na fimbo.

Habari ya lori lililopakiwa Jumapili ilizagaa kabla ya Jumanne, na baraza la wazee likaketi. Mzee alisimama akasema, "Mimi Jumapili sina kazi. Mikanda ilikuwa nyumbani kwangu, mnajua. Kama vijana walielewana na dereva wapate chochote, ni wao na dhamiri zao. Ila kijana ameumia kwenye uwanja wangu, matibabu ni yangu." Watu wakaguna kwa kumsifu. Wapakiaji wengine walikuwa wameshapata viwanja vingine, hakuna aliyetaka maneno. Festo akaletwa amebebwa kwenye kiti, akasema wazi kwamba Mzee ndiye aliyewaagiza, na kwamba alikatazwa kuimba.

"Nani shahidi?" akauliza mwinjilisti.

"Dada yangu."

Nikasimamishwa. Meza ile ilikuwa ndefu na wanaume walikuwa tisa.

"Mama, wewe unapika pale. Ulimsikia Mzee akiagiza?"

Mzee hakunitazama. Aligonga meza taratibu kwa kifundo cha kidole, ko ko, akisikiliza kama imekauka. Na mimi nikaona mlango wangu, na kiti, na mtu aliyekaa siku tatu. Nikasema, "Mambo ya uwanjani siyajui, wazee wangu. Mimi napika."

Festo alitengwa na Meza ya Bwana kwa kuivunja siku na kumsingizia mzee wa kanisa. Wakamwambia mlango uko wazi, siku yoyote asimame mbele ya usharika atubu, atarudishwa kundini. Akasema hana cha kutubu. Ni miaka sita. Mwaka jana mama yetu alipofariki, mwinjilisti aliongoza mazishi vizuri sana, akanitaja mimi, akawataja wajukuu, na Festo alisimama mbali na kaburi pamoja na watu wa kupita. Na akifa yeye leo, hakuna kengele. Wanaozika watazika kimya.

Kuanzia hapo Mzee alikuwa mwema kwetu kupita kiasi. Pikapu yake ilimpeleka Festo kliniki, mahindi yalikuja kila mwezi, koti jipya lilikuja kila Juni. Watu walisema, mtazameni Mzee, anamlisha aliyemsingizia. Festo alikula mahindi. "Kususa hakujazi tumbo," alisema. Mimi sikuweza kuyameza bila maji.

Na aliendelea kusoma! Hilo ndilo nililokuwa silielewi. Nilikaa pale safu ya pili, Jumapili baada ya Jumapili, nikiisikiliza sauti yake kama mtu anayetafuta ufa kwenye chungu. Nilitaka itetemeke. Nilitaka usiku mmoja asilale kwa sababu ya alichokisoma, kama mimi nilivyokuwa silali. Haikutetemeka. Mara moja tu, nikiwa nafuatilia kwenye kitabu changu kwa kidole, aliruka mstari. Ulikuwa ule ambao Mungu anasema mkinyoosha mikono kuomba nitayafumba macho, maana mikono hiyo ina damu. Aliruka kutoka juu yake hadi wa chini bila kukohoa. Nikafurahi kama askari aliyekamata mtu. Kumbe anajua! Halafu furaha ikanitoka, kwa sababu niliyekuwa nafuatilia kwa kidole nami nilikuwa najua, na hakuna aliyekuwa ananisikiliza mimi.

Kuna wakati nilitaka kuacha kwaya. Sikuacha. Nilitaka kwenda kwa mwinjilisti, nikafika hadi kwenye ua wake, mkewe akanikaribisha chai, nikanywa, nikaomba mbegu za maboga nikarudi. Mambo kama hayo. Miaka inakwisha hivyo hivyo.

Mwezi uliopita ujumbe uliingia kwenye kundi la WhatsApp la kwaya kwamba Mzee amepigwa na kiharusi, yuko hospitali ya misheni kule Tosamaganga, tumwombee. Chini yake mikono ya kuomba ishirini na kitu. Nikamwonyesha Festo simu. Alisoma, akanirudishia.

"Tunakwenda," akasema.

"Wewe pia?"

"Nitakaa nje. Akisema mbele ya watu, uniite. Asiposema, sina shida na mgonjwa."

Tulipanda basi asubuhi. Iringa stendi tuliwakuta mwinjilisti, wazee wawili na akina mama watatu wa usharika, nao wanakwenda huko huko, wananunua machungwa na maji. Festo aliwasalimia, wakamwitikia kwa chini chini. Tukatangulia.

Alikaa kwenye benchi la baraza, mguu mbaya ameunyoosha, mimi nikaingia.

Mzee alikuwa amebaki mifupa. Mkono wa kushoto umelala juu ya blanketi kama si wake, na mdomo umevutika upande, lakini maneno yalitoka. Aliponiona macho yalijaa.

"Kamwene, mwanangu," akanisalimu kwa kikwetu.

"Kamwene, Mzee. Pole."

"Umekuja na nani?"

"Na Festo. Yuko nje."

Akafumba macho. "Mguu?"

"Unamuuma baridi ikianza."

Chozi lilishuka likaingia sikioni, na mkono wake mzima ulikuwa dhaifu, haukulifikia, nikalifuta kwa kanga yangu.

"Mimi niliwaagiza," akasema. "Nikakuagiza na wewe chai. Nimelisema kwa Mungu kila siku."

"Mungu alikuwa anajua, Mzee. Mimi pia nilikuwa najua. Wasiojua ni wale wa baraza."

"Nitawaambia."

"Wanakuja. Wako njiani na machungwa."

Aliogopa. Niliona hofu ya mtoto kwenye uso wa mtu aliyewatisha watu wazima miaka yote, na nikamwonea huruma, na nikakasirika kwa kumwonea huruma. Nikamshika mkono mzima. "Sentensi moja tu," nikamwambia. "Mimi nitasimama hapa hapa. Ukiisema nami nitasema yangu."

"Nitaisema, mwanangu. Wakija nitaisema."

Wakaja. Walikizunguka kitanda, akina mama wakaanza kulia kwa heshima. Mwinjilisti akainama.

"Mzee wetu, usharika unakusalimu. Wanauliza kama una neno lolote kwao."

Mzee akafungua kinywa. Akanitazama. Mimi nikamtazama. Ukimya ule ulikuwa wangu kama ulivyokuwa wake. Ningeweza kusema, *Mwinjilisti, anataka kueleza habari ya lile lori,* na angekuwa hana pa kukimbilia. Ilihitajika mtu mmoja tu aanze. Nilimngoja yeye, naye, naapa, alikuwa ananingoja mimi.

"Tuombe," akasema.

Na ile sauti ikarudi. Sijui ilitoka wapi katika kifua kile. Aliwaombea wajane na yatima. Aliomba haki ishuke juu ya nchi. Aliwaombea wote wanaovunjika wakitafuta riziki, na waliowekwa mbali na kundi Bwana awarejeshe kwa njia anazozijua yeye. Mwuguzi aliyekuwa anapita alisimama akainamisha kichwa. Wazee walikuwa wanalia, mwinjilisti analia, na mimi nilikuwa nalia, maana ilikuwa sala nzuri. Hilo ndilo ninaloshindwa kulisamehe, ilikuwa nzuri kweli. Alipomaliza wote wakaitikia.

Nikatoka barazani. Festo alikuwa ameshasimama, ameegemea nguzo, uso wake ameusafisha kama mtu anayengoja kuitwa.

"Amesema?"

"Ameomba."

"Na wewe umesemaje?"

Sikutaka kumdanganya tena. "Nimesema Amina."

Festo aliutazama mlango, akanitazama mimi.

"Basi mko wawili," akasema, akatangulia kwenda kwenye basi.